Leni ya Kwanza: Maisha ya John Akii-Bua

Somo la wiki: Waebrania 12:1-2, 1 Wafalme 18:1-16, Waebrania 13:1-3



Jumapili iliyopita baada ya ibada, vijana wetu walikuwa wanabishana pale nje chini ya mwembe. Swali lilikuwa moja tu: nani mwanariadha bora kuwahi kutoka Afrika Mashariki? Mmoja akasema Kipchoge Keino. Mwingine akasema Eliud Kipchoge, na hataki kusikia jina lingine. Wa tatu akamleta David Rudisha. Mimi nikapita nikaongeza la kwangu: John Akii-Bua. Wote wakanyamaza, wakatazamana. Hakuna hata mmoja aliyewahi kulisikia jina hilo.

Sikuwalaumu. Mtu huyu alikufa kabla wengi wao hawajazaliwa. Lakini nilipofika nyumbani jina lake halikuniacha, maana maisha yake yana neno kwa kanisa letu, na hasa kwa kanisa lililo huku Lamu. Ebu tuyapitie polepole. Hatumhubiri mwanadamu hapa. Tunamhubiri Kristo. Lakini Mtume Paulo mwenyewe hakuona haya kuchukua mfano kutoka uwanja wa michezo, na sisi tusione haya.

MMOJA KATI YA WATOTO 43

John Akii-Bua alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949 kijiji cha Abako, nchi ya Walango, kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa chifu, mtu mwenye heshima na ng'ombe, na mwenye wake wanane. Watoto wa boma lile walikuwa 43. Fikiria, mpendwa: watoto 43 wa baba mmoja! Katika nyumba kama hiyo mtoto anajifunza mapema kwamba asipojitokeza, hakuna atakayekumbuka kama amekula au hajala.

John alikua kama watoto wengi wa kijijini, akichunga ng'ombe na kukimbia nyuma yao. Michezo haikuwa kitu kigeni kwao. Ndugu yake mmoja, Lawrence Ogwang, aliiwakilisha Uganda kwenye Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956, akashindana kuruka mbali na kuruka hatua tatu. Lakini John mwenyewe hakuonekana kama mtu wa kwenda mbali. Baba alifariki John akiwa bado kijana mdogo, masomo yakakatika, na kijana akabaki kutafuta riziki kama kijana mwingine yeyote asiye na cheti cha maana.

Mlango uliofunguka ulikuwa wa polisi. Akaandikishwa, akapelekwa Kampala. Na kule polisi ndiko walikomwona. Mtu wa kwanza kumshika mkono alikuwa afisa mwenzake, Jerom Ochana, ambaye naye alikuwa bingwa wa kuruka viunzi na mwenye rekodi ya Afrika. Ochana aliona kijana mrefu, mwepesi, mwenye nguvu za miguu, akaanza kumfundisha.

Ngoja nieleze kidogo kwa wasiojua mchezo huu. Kwenye mbio za mita 400 kuruka viunzi, mkimbiaji anazunguka uwanja mara moja kamili. Njiani kuna viunzi 10, kila kimoja kinamfikia mtu mzima karibu na kiuno. Kutoka kiunzi kimoja hadi kingine ni mita 35. Lazima ukimbie kwa kasi yote, na bado uhesabu hatua zako. Ukikosea hesabu, unafika kwenye kiunzi na mguu usiofaa, unapunguza mwendo, na mwenzako anakupita. Watu wa riadha husema ni mbio za kuua. Mwili unaishiwa pumzi, na papo hapo akili inatakiwa iwe macho.

KAZI ISIYOONEKANA

Mwaka 1968 akaja kocha Mwingereza, Malcolm Arnold, kuifundisha timu ya Uganda. Huyu baadaye alikuja kuwa kocha mkubwa sana. Ndiye aliyemfundisha Colin Jackson aliyeshika rekodi ya dunia ya viunzi vya mita 110. Lakini wakati ule Arnold alikuwa kijana, na Uganda haikuwa na vifaa wala pesa nyingi za michezo.

John alikuwa anapenda mbio fupi za viunzi. Kocha akamwambia ahamie mita 400. Mwaka 1970 akaenda Edinburgh kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Akamaliza wa nne. Mnajua wa nne ni nini? Wa nne hapandi jukwaani. Hapewi hata shaba. Anafunga begi lake anarudi nyumbani, na watu wanamuuliza: ulileta nini?

Hapo ndipo wengi huacha. Yeye aliongeza mazoezi. Alivaa fulana yenye vyuma vya uzito, akakimbia nayo akiruka viunzi vilivyoinuliwa juu kuliko vile vya mashindano. Akajifunza kuruka kwa mguu wowote, wa kulia na wa kushoto, ili hesabu ya hatua isimfunge. Mwaka 1971 akakimbia muda bora kuliko mtu yeyote duniani mwaka ule. Hata hivyo wakubwa wa riadha hawakumtia maanani sana. Alikuwa amekimbia mashindano machache makubwa, na alitoka nchi ambayo haikuwa imewahi kushinda dhahabu ya Olimpiki hata moja.

Mpendwa, uone hapo. Watu waliona sekunde chache za Munich. Hawakuona miaka ya fulana nzito. Na wewe unayeamka saa kumi usiku kuomba kabla ya kwenda shambani, hakuna anayekupigia makofi. Endelea tu. Baba yetu aonaye sirini anaona (Mathayo 6:6).

LENI AMBAYO HAKUNA ANAYEITAKA

Olimpiki ya mwaka 1972 ilifanyika Munich, Ujerumani. Fainali ya viunzi ilikuwa tarehe 2 Septemba. Uwanjani walikuwepo David Hemery wa Uingereza, bingwa wa Olimpiki iliyotangulia na mwenye rekodi ya dunia ya sekunde 48.12, na Ralph Mann wa Marekani. Hao ndio waliotazamiwa.

Akii-Bua akapangiwa leni ya kwanza.

Leni ni ile njia iliyochorwa, kila mkimbiaji na yake. Ya kwanza ni ya ndani kabisa. Mtu asiyejua anaweza kufikiri ndiyo nzuri, maana iko karibu na katikati. Kumbe ni kinyume. Kona yake ni kali, mkimbiaji anavutwa nje na kasi yake mwenyewe, na kuruka kiunzi ukiwa unapinda ni taabu. Isitoshe, kwa sababu ya vile wanavyopangwa mwanzoni, wa leni ya kwanza anaanza akiwa nyuma ya wote kwa macho. Anawaona saba wako mbele yake hata kabla bunduki haijalia. Mkimbiaji mrefu wa viunzi akiulizwa, hiyo ndiyo leni ya mwisho angeichagua.

Wapendwa, sisi wa huku Lamu leni hiyo tunaijua. Nafasi za kazi zikitangazwa Nairobi, habari inatufikia zikiwa zimeshajaa. Mama mjamzito wa kisiwani akishikwa usiku, kwanza itafutwe boti, tena boti iwe na mafuta, tena bahari iwe imetulia, ndipo tuzungumze habari za daktari. Mwanafunzi wetu akifika chuo kikuu, mwenzake wa mjini alianza kutumia kompyuta akiwa na miaka sita. Tunaanza tukiwaona wote mbele yetu. Na kwa wengine ni zaidi ya hapo: kuna waliolala na shamba, na nyumba, na mbuzi, wakaamka hawana kitu. Hayo nitayarudia.

Basi bunduki ikalia. Hemery alitoka kwa kasi ya ajabu, kama mtu anayetaka kumaliza kazi mapema. Akii-Bua hakupapatika. Alikimbia leni yake. Kiunzi baada ya kiunzi akawa anakula pengo, bila mtu kumwona vizuri, maana macho ya watu yalikuwa kwa Hemery. Walipotoka kwenye kona ya mwisho kuingia mita za kumalizia, mtu wa leni ya kwanza alikuwa mbele. Hemery alikuwa amechoka. Yule kijana wa polisi wa Kampala akapita kwenye mstari peke yake.

Saa ikaonyesha sekunde 47.82. Hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48. Mann akawa wa pili kwa 48.51, na Hemery wa tatu kwa 48.52. Tofauti kati ya wa pili na wa tatu ilikuwa kama kupepesa jicho. Tofauti kati ya wa kwanza na wa pili ilikuwa mwendo wa hatua kadhaa. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Uganda.

Na hakusimama! Wengine walikuwa wameinama wanatafuta pumzi, yeye akaendelea kuzunguka uwanja, anaruka, anacheka, anapunga mkono, anashiriki furaha yake na watu ambao hawakujua hata kutamka jina lake. Siku hizi kila bingwa akishinda anazunguka uwanja kuwashukuru watazamaji, na wengi husema ni Akii-Bua aliyeifanya desturi hiyo ipendwe duniani.

Mwandishi wa Waebrania anatuambia tuweke kando kila mzigo, tupige mbio kwa saburi katika mashindano yaliyowekwa mbele yetu. Angalia, hasemi tuchague mashindano. Yamewekwa. Leni umepangiwa. Swali si kwamba leni yako ni nzuri au mbaya. Swali ni macho yako yako wapi: kwa wale saba walio mbele, au kwa Yesu?

Haleluya. Lakini tusiishie hapo. Wahubiri wengi wangefunga somo kwenye dhahabu. Maisha ya Akii-Bua hayakufunga hapo.

NYUMBA ILIYOTOLEWA NA MFALME

Bingwa alirudi nyumbani, na nyumbani kulikuwa na Idi Amin.

Amin alikuwa amechukua serikali kwa bunduki tarehe 25 Januari 1971, akampindua Milton Obote. Obote alikuwa Mlango, kabila la Akii-Bua. Kwa hiyo mara tu baada ya mapinduzi, askari wa Kilango na wa Kiacholi wakaanza kuuawa kambini, na mauaji yakaendelea miaka na miaka. Mwaka uleule wa Munich, mwezi wa Agosti, Amin alikuwa ametangaza kuwafukuza Waasia, akawapa siku 90.

Katika nchi hiyo ndipo alipotua mtu na dhahabu yake. Amin akamsifu mbele ya watu. Akampandisha cheo polisi, akampa nyumba. Barabara ya Kampala ikaitwa kwa jina lake. Na dunia ilipouliza kuhusu Walango wanaouawa, Amin alikuwa na jibu tayari: mtazameni Akii-Bua, si Mlango huyu? Si anaishi vizuri?

Wapendwa, hapa nilikaa muda mrefu na kalamu mkononi. Ungefanya nini wewe? Watu wa damu yako wanapotea usiku, na anayewapoteza anakupa nyumba na kukushika bega mbele ya kamera. Ukikataa, unakufa, na pengine jamaa yako wote wanakufa nawe. Ukikubali, unakuwa pazia la kufunika damu.

Ni rahisi kumhukumu ukiwa umekaa kwenye benchi la kanisa. Mimi simhukumu. Ninamkumbuka Obadia katika 1 Wafalme 18, msimamizi wa nyumba ya mfalme Ahabu. Alikula mshahara wa Ahabu, akatembea katika jumba la Yezebeli, na wakati huohuo alikuwa mtu amchaye Bwana sana. Aliwaficha manabii 100 pangoni, hamsini hamsini, akawalisha mkate na maji. Na bado, Eliya alipomtuma kwa mfalme, Obadia alitetemeka. Neno la Mungu halikumficha huyo mtu aliyekuwa katikati, mwenye hofu. Limemwandika.

Lakini onyo liko palepale. Zawadi ya mwenye nguvu haiji mikono mitupu. Huku kwetu wakati wa kura ukifika, tunaona magari yanaingia mpaka kanisani. Mabati, viti vya plastiki, bahasha. Tunapiga makofi. Halafu siku moja mtu yuleyule anawaonea wanyonge, na sisi tuliopigwa picha naye madhabahuni tunakosa sauti. Kabla hujapokea nyumba, uliza: nitakapotakiwa kusema kweli, bado nitakuwa na mdomo?

DHAHABU HAIKUMWOKOA

Miaka yake bora ilipita hivyo. Mwaka 1976 dunia ilikuwa inangoja mashindano kati yake na kijana mpya wa Marekani, Edwin Moses. Olimpiki ilikuwa Montreal. Nchi nyingi za Afrika zikasusia, Uganda ikiwemo, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi. Akii-Bua hakukimbia. Moses alishinda, na rekodi ya sekunde 47.82 ikavunjwa palepale. Wawili hao hawakukutana kwenye mbio ambayo dunia nzima ilitaka kuiona.

Kisha ikaja 1979. Majeshi ya Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni wakaingia Kampala mwezi wa Aprili, Amin akakimbia. Ungefikiri Mlango atafurahi. Lakini Akii-Bua alikuwa amepandishwa cheo na Amin na anaishi nyumba ya Amin. Aliogopa atahesabiwa mtu wa Amin. Kwa Amin alikuwa Mlango; kwa waliokuja, angeweza kuonekana kibaraka. Hakuna upande uliokuwa wake. Akachukua familia yake akavuka mpaka.

Akavuka kuja wapi? Kenya. Kwetu sisi.

Na hapa Kenya yule bingwa wa Olimpiki, aliyekuwa mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya sekunde 48, akawekwa katika kambi ya wakimbizi. Mstari mmoja na wengine. Blanketi kama wengine. Dhahabu haikuuliza nani apewe maji kwanza. Yesu aliuliza mtu atapata faida gani akiupata ulimwengu wote na kuipoteza nafsi yake (Marko 8:36). Nadhani mtu akikaa kambini na watoto, swali hilo analielewa bila mhubiri.

Habari zilipojulikana kwamba yuko pale, kampuni ya viatu ya Puma, ambayo viatu vyake ndivyo alivyokuwa akivaa, ilimsaidia kutoka na kumpeleka Ujerumani. Alifanya kazi huko miaka kadhaa. Mwaka 1980 alivaa tena rangi za Uganda kwenye Olimpiki ya Moscow. Miaka ilikuwa imekwenda, na miguu nayo. Hakufika fainali. Lakini alikwenda, akapiga mbio.

Na halafu akafanya jambo ambalo mimi linanigusa kuliko mbio za Munich. Alirudi nyumbani. Angeweza kubaki Ulaya. Alirudi Uganda ileile iliyokuwa na majeraha, akarudi polisi, akawa kocha, akafundisha vijana kuruka viunzi. Hakuwa tajiri. Mke wake alitangulia kufa. Yeye mwenyewe alifariki tarehe 20 Juni 1997 akiwa na miaka 47 tu, akaacha watoto 11. Serikali ikamzika kwa heshima za taifa. Uwanja wa Lira, karibu na alikozaliwa, umebeba jina lake. Na Uganda ilisubiri miaka 40 tangu Munich kupata dhahabu nyingine ya Olimpiki, mpaka Stephen Kiprotich aliposhinda marathoni ya London mwaka 2012.

JE, TUNGEMTAMBUA?

Sasa niseme nilichokusudia kusema tangu mwanzo.

Wapendwa, mnakumbuka Juni 2014. Usiku wa tarehe 15 na uliofuata, watu zaidi ya 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji vya karibu. Wengine wetu tulizika. Na tangu hapo, mara kwa mara, tumeona familia zikitoka mashambani, godoro kichwani, mtoto mgongoni, sufuria mkononi, zikatafuta pa kulala shuleni au kwa jamaa. Baadhi wamekuja kanisani kwetu. Wanakaa benchi la nyuma.

Nataka kutubu mbele yenu. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuja katika hali hiyo. Kila Jumapili alikaa nyuma karibu na mlango, shati lilelile limefuliwa vizuri. Nilikuwa namsalimia kwa mkono na kumwambia Mungu akubariki, nikapita kwenda kwa watu niliowajua. Hivyo kwa miezi minne. Siku moja mwalimu wa shule ya Jumapili hakufika, na mzee akaomba kama anaweza kusaidia. Akasimama mbele ya watoto akafundisha habari za Yusufu. Watoto hawakupumua. Nikauliza, kumbe alikuwa mwalimu zaidi ya miaka thelathini, na kule alikotoka watu wazima na ndevu zao bado wanamwita mwalimu. Miezi minne! Na mimi sikuwa nimemuuliza hata jina la mtoto wake.

Akii-Bua alikuwa katika kambi ya nchi yetu. Ni Wakenya wangapi walimpita wakiona mkimbizi tu? Pengine wengine walikuwa wamemshangilia redioni mwaka 1972. Waebrania 13 inatukumbusha tusisahau kuwakaribisha wageni, maana kuna waliowakaribisha malaika pasipo kujua. Mimi nasema, na kuna waliowapita mabingwa pasipo kujua. Lakini hata hilo si neno lote. Tuseme mzee yule hakuwa mwalimu. Tuseme hakuwahi kuwa chochote. Bado alikuwa wa kukaribishwa. Tukingoja mpaka tugundue mtu alikuwa nani ndipo tumpe kiti, hatujamkaribisha mtu, tumekaribisha sifa yake. Na Bwana wetu alisema lolote tulilomtendea mmoja wa hao wadogo, tumemtendea yeye (Mathayo 25:40).

Na wewe unayekaa benchi la nyuma, neno lako ni hili. Umepoteza shamba, au kazi, au jina ulilokuwa nalo. Unaogopa kurudi, na unaogopa kubaki. Bwana hajakusahau wewe uliye leni ya ndani, unayewaona wote wako mbele. Taji ya Munich ni chuma, na aliyeivaa amelala kaburini. Paulo anasema wale wanashindania taji iharibikayo, bali sisi isiyoharibika (1 Wakorintho 9:25). Na katika mbio zetu sisi hakuna mmoja tu anayepewa. Kila anayemaliza na Yesu anapewa.

Nina ombi moja la kutenda, si la kusikia tu. Jumapili hii, kabla ya kutoka, kila mmoja wetu aende benchi la nyuma. Usimwambie mtu Mungu akubariki ukapita. Keti. Uliza jina. Uliza alikotoka, alikuwa akifanya nini, watoto wako wapi, amekula nini jana. Na vikundi vya ushirika wa nyumbani, kuanzia Hindi mpaka Mokowe mpaka kisiwani, andikeni kila familia iliyohama iliyo karibu nanyi na lile wanalohitaji kwanza, mwaletee mashemasi kabla ya ibada ya katikati ya wiki. Tusipoteze bingwa mwingine mlangoni petu.

Tuombe. Baba, tupe saburi ya kukimbia leni uliyotupangia. Utulinde na zawadi zinazofunga midomo. Utusamehe kwa watu tuliowapita. Warudishe nyumbani kwa amani waliokimbia, na mpaka siku hiyo, tufanye sisi tuwe nyumba yao. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.